Gego la mwisho likianza kuuma: usafishe vipi, umeze nini, na lini uende hospitali

Maswali ni yaleyale kila mara. "Jino la mwisho linaota, nimeze nini?" "Shavu limevimba, ninunue vidonge vya rangi mbili?" "Nikaling'oe?" Wengi wanaouliza ni vijana wa miaka 17 hadi 25, wachache wamefika 30, na karibu wote wameshafanya jambo moja lisilofaa: wameacha kupiga mswaki upande unaouma.

Hapo ndipo shida inapokua. Maumivu makali ya gego la mwisho mara nyingi hayatokani na jino kupasua ufizi. Jino huchomoza nusu, nusu nyingine ikabaki imefunikwa na kijinyama cha ufizi. Chini ya kijinyama hicho chakula huingia, hukaa, huoza, na vijidudu hustawi. Ufizi huvimba, kisha gego la juu huung'ata kila unapofunga mdomo, nao huzidi kuvimba. Kidonge kitakutuliza kwa saa chache tu. Pasiposafishwa pale, utaumwa tena usiku uleule. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kusafisha, na dawa zinafuata nyuma.

Kwanza hakikisha ni gego la mwisho

Simama mbele ya kioo, washa taa ya simu, fungua mdomo. Anza kuhesabu kutoka jino la mbele kabisa katikati, ukienda upande unaouma: mawili ya mbele, la tatu ni chonge, halafu mawili madogo, kisha magego matatu. Gego la mwisho ni la nane. Ukihesabu saba na nyuma yake ukaona ufizi mwekundu uliotuna, au ncha nyeupe ya jino inayochungulia, basi ndilo hilo.

Ukiona ufizi wa nyuma uko sawa lakini jino la sita au la saba lina shimo au doa jeusi, na maji baridi yakikuchoma kisha uchungu unabaki dakika nzima au zaidi, hilo ni jino lililooza. Mwongozo huu hautalitibu. Nenda kwa daktari wa meno.

Wazazi nao huuliza juu ya mtoto wa miaka 11, 12 au 13 anayelalamikia nyuma ya taya. Huyo anaota gego la saba. Usafi ni uleule wa hapa chini, ila vipimo vya dawa nilivyoandika ni vya watu wazima. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, muulize mfamasia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vingi viko jikoni, vilivyobaki utavipata duka la dawa lolote, iwe Darajani hapa Unguja au Chake na Wete kule Pemba:

- Chumvi ya kawaida ya kupikia, na maji yaliyochemshwa yakaachwa yapoe hadi uvuguvugu.
- Mswaki laini wa kichwa kidogo. Wa mtoto ndio unaofaa zaidi, kwa sababu unaingia nyuma bila kugonga shavu.
- Bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake. Mwambie muuzaji unataka bomba tupu la kuoshea mdomo.
- Parasetamoli (Panadol au nyingineyo) ya miligramu 500, na ibuprofeni ya miligramu 200 au 400 kama unaruhusiwa kuitumia.
- Barafu na kitambaa safi.
- Mafuta ya karafuu kidogo na mafuta ya nazi, kama unataka. Si lazima.

Maji ya bahari hayafai kuwa badala ya maji ya chumvi. Hujui kilichomo, na unakwenda kuyaingiza kwenye kidonda.

Hatua kwa hatua

1. Tengeneza maji ya chumvi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye gilasi moja ya maji ya uvuguvugu, yaani kama mililita 250. Koroga mpaka chumvi iyeyuke yote. Dondosha kidogo kwenye kifundo cha mkono: yakikuchoma, bado ni ya moto mno kwa ufizi uliovimba. Wako wanaojaza vijiko viwili vya chumvi kwa kudhani ikizidi ndiyo itakausha. Ikizidi inaubabua ufizi tu.

2. Sukutua. Chukua funda, lilaze upande unaouma, litikise kwa sekunde 30 hivi kisha uteme. Rudia hadi gilasi iishe. Fanya hivi kila baada ya kula na kabla ya kulala, isipungue mara nne kwa siku. Kusukutua haraka haraka kama unatia udhu hakutoshi hapa. Maji yanatakiwa yakae.

3. Osha chini ya kijinyama. Hii ndiyo hatua ambayo watu hawaifanyi, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Jaza bomba kwa maji yaleyale ya chumvi. Fungua mdomo kiasi unachoweza, vuta shavu pembeni kwa kidole, uweke ncha ya bomba kwenye ukingo ambapo kijinyama kinakutana na jino. Usiichomeke ndani, iwe imegusa tu. Sukuma maji taratibu, kwanza kutoka upande wa shavu, kisha kutoka upande wa ulimi. Mabomba mawili au matatu kila mara yanatosha. Mara ya kwanza usishangae kikitoka kipande cha nyama ya samaki, punje za ufuta, au maji yenye harufu mbaya na ladha ya kuchukiza. Hicho ndicho kilichokuwa kikikuuma. Damu kidogo si neno. Ukiona unalazimika kusukuma kwa nguvu, simama, geuza pembe ya bomba. Mkondo mkali unaweza kuusukuma uchafu ndani zaidi.

Fanya hatua hii mara mbili hadi tatu kwa siku, na hasa baada ya chakula cha usiku. Ukimaliza osha bomba kwa maji ya moto na sabuni, litandaze likauke. Ni la mtu mmoja, asipewe mwingine.

4. Piga mswaki hapohapo panapouma. Asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Usifungue mdomo sana wakati huu: ukiufunga nusu, shavu linalegea na mswaki unapata nafasi ya kupita. Zungusha pole pole juu ya gego na kwenye ukingo wa ufizi. Siku mbili tatu za mwanzo patatoka damu. Inatoka kwa sababu ufizi umevimba, na ufizi umevimba kwa sababu ya uchafu, kwa hiyo damu isikufanye uache. Mswaki wa mti ni mzuri kwa meno ya mbele na ya kati, lakini kufika nyuma ya gego la nane hauwezi vizuri. Tumia wote wawili.

5. Meza dawa ya maumivu kwa kipimo na kwa saa. Kwa mtu mzima asiyepungua kilo 50, parasetamoli ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 ndani ya saa 24. Ukizidisha unaliumiza ini, tena bila ya kuhisi kitu siku ya kwanza. Angalia pia dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani yake, na watu huihesabu mara moja badala ya mbili.

Ibuprofeni inasaidia zaidi pale penye uvimbe. Miligramu 400 kila baada ya saa 8, ukishakula, isizidi miligramu 1200 kwa siku. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kutumika pamoja kwa sababu zinafanya kazi kwa njia tofauti, na kwa maumivu ya meno zikiwa pamoja ni bora kuliko moja peke yake. Lakini ibuprofeni na diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, ni za kundi moja. Usizichanganye hata siku moja. Ukifanya hivyo unalichoma tumbo na kuziumiza figo.

Asitumie ibuprofeni wala diklofenaki: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo, mwenye pumu inayoamshwa na dawa hizi, na mjamzito. Mjamzito atumie parasetamoli, na daktari au mkunga wake ajue. Homa ya ghafla yenye maumivu ya viungo na nyuma ya macho, wakati kuna dengi mitaani, pia ni sababu ya kuiepuka ibuprofeni mpaka upimwe.

6. Poza shavu kwa baridi. Funga barafu kwenye kitambaa, iweke juu ya shavu dakika 15, pumzika kama dakika 20, rudia. Chupa ya maji ya moto au kitambaa cha moto juu ya shavu lenye uvimbe usiweke. Joto linaleta damu zaidi pale na uvimbe unaongezeka.

7. Lala kichwa kikiwa juu, kwa mito miwili. Ukilala bapa damu inajaa kwenye taya na jino linagonga. Ndiyo maana wengi huanza kulia saa 6 za usiku na mchana walikuwa wazima.

8. Badilisha chakula kwa siku tatu nne. Uji, bokoboko, mseto, ndizi za nazi zilizoiva vizuri, samaki aliyechambuliwa miba, viazi vya kuponda. Acha kwanza pweza, bisi, kashata na chipsi za muhogo, kwa sababu vipande vyake vikali vinajikita moja kwa moja kwenye ufizi. Mkate wa ufuta ni mtamu lakini punje zake ndizo hasa zinazopenya chini ya kijinyama na kugoma kutoka. Urojo nao, kwa pilipili, embe na bajia zake, subiri upone. Tafuna kwa upande mwingine.

Tambuu, kuberi (tumbaku ya kutafuna) na sigara viache kabisa katika siku hizi. Chokaa ya tambuu inaunguza ufizi uliokwishaumia, na tumbaku inachelewesha kupona.

Karafuu: inasaidia, lakini kwa adabu

Hapa kwetu hakuna nyumba isiyojua karafuu ni dawa ya jino, na ni kweli. Ndani yake mna kitu kinaitwa eujenoli ambacho hutia ganzi, na madaktari wa meno duniani wanakitumia katika dawa zao. Tatizo ni mafuta yenyewe yakiwa mabichi, hayakuchanganywa na kitu. Mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ni makali sana. Mtu akilowesha pamba na kuibana kwenye ufizi usiku kucha, asubuhi ana kidonda cheupe kama cha kuungua, juu ya maumivu aliyokuwa nayo.

Fanya hivi: matone 2 ya mafuta ya karafuu ndani ya kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi. Chovya kijiti cha pamba, kikamue, kisha paka ufizi uliovimba. Usikiache kijiti mdomoni. Baada ya dakika chache tema mate, usimeze. Mara mbili au tatu kwa siku, na ukihisi kuchoma kunazidi badala ya ganzi, sukutua na uache. Kama huna mafuta, karafuu kavu moja iliyolowekwa maji ya uvuguvugu ikalainika unaweza kuiweka kati ya shavu na ufizi kwa dakika 5, kisha uiteme.

Karafuu inatuliza, haisafishi. Ipake baada ya hatua ya tatu na ya nne, isiwe badala yake. Na chupa ya mafuta iwekwe mbali na watoto: mtoto mdogo akiyanywa, hata kidogo, yanaweza kumdhuru ini.

Makosa yanayoharibu kazi yote

Kununua antibiotiki bila kupimwa. Vidonge vya rangi mbili au metronidazoli haviwezi kuondoa chakula kilichokwama chini ya ufizi. Vinahitajika pale maambukizi yanapoenea, yaani kuna homa, uvimbe unatambaa au taya limekaza, na hapo daktari ndiye atakayeamua ipi na kwa siku ngapi. Anayemeza vidonge vitatu kisha akaacha maumivu yakipungua anavifunza vijidudu kuishi na dawa, na siku akiihitaji kweli haitamsaidia.

Kuweka aspirini iliyosagwa, kitunguu thaumu kibichi, mafuta ya taa au maji ya betri kwenye jino. Vyote vinaunguza. Maji ya betri ni tindikali, yanakula nyama na mfupa.

Kukitoboa au kukikata kijinyama kwa sindano au wembe "ili jino lipate njia". Usaha hautoki wote, vijidudu vinasukumwa ndani, na pembeni ya gego la chini kuna mshipa wa neva unaopeleka hisia kwenye ulimi.

Kuacha kusafisha siku maumivu yanapokoma. Kijinyama bado kipo. Endelea na bomba mara moja kwa siku, usiku, mpaka jino litokeze lote au daktari aseme vingine.

Mwezi wa Ramadhani

Swali hili huja kila mwaka. Dawa zipange kati ya futari na daku. Ibuprofeni moja ukishafuturu, kama saa 1 usiku, na nyingine baada ya daku. Parasetamoli vidonge 2 baada ya futari, na 2 wakati wa daku. Bomba na maji ya chumvi tumia baada ya futari, kabla ya kulala, na baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri. Usilale na tende meno hayajaoshwa. Tende inanata nyuma huko na sukari yake inakaa mpaka asubuhi. Ukiwa na homa na shavu limevimba, wewe ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na kulipa baadaye.

Mambo yasipokwenda sawa

Siku tatu zimepita na hakuna nafuu. Mara nyingi bomba halijafika mahali pake. Mwombe mtu wa nyumbani akumulikie taa na aangalie kama ncha inagusa ukingo wa kijinyama au inamwaga juu ya jino tu. Pia unaweza kununua dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ya asilimia 0.2: mililita 10, dakika moja, asubuhi na usiku, ukipishanisha na dawa ya meno kwa nusu saa. Isizidi wiki mbili, inatia meno rangi ya kahawia. Ikipita wiki bila nafuu, nenda kwa daktari.

Sikio linauma upande huohuo. Ni kawaida, neva za taya na sikio ziko jirani. Vuta ndewe la sikio taratibu: kama kulivuta kunaongeza maumivu au sikio linatoa maji, tatizo liko sikioni.

Kila ukifunga mdomo gego la juu linakanyaga ufizi wa chini. Kusafisha kutapunguza uvimbe, lakini huenda daktari akalisawazisha au kuling'oa la juu. Ni kazi nyepesi kuliko la chini.

Maumivu yanakwenda na kurudi kila baada ya wiki chache. Huenda jino limelala kwa kukosa nafasi. Hapo inatakiwa eksirei, si kidonge kingine.

Dalili za kwenda hospitali leo hii

Usingoje siku saba ukiona mojawapo ya haya: kumeza kunakuwa kugumu au mate yanakuchuruzika, pumzi inabana, sauti imebadilika, uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, au chini ya ulimi pamekuwa pagumu, homa imepita nyuzi 38, au mdomo haufunguki hata vidole viwili vilivyopangwa juu ya kimoja. Maambukizi ya huku nyuma yanaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Mwenye kisukari aende mapema zaidi, hata kwa uvimbe mdogo.

Kwa Unguja, hospitali ya rufaa ni Mnazi Mmoja. Kwa Pemba kuna Abdalla Mzee ya Mkoani, na hospitali za Chake Chake na Wete. Kama unaishi visiwa vidogo kama Tumbatu, Kojani au Fundo, dalili ikionekana alasiri tafuta chombo kabla jua halijatua. Uvimbe wa shingo ukizidi saa 8 za usiku na maji yamekupwa, utajuta kuisubiri asubuhi.

Ukifika, sema mambo yote kwa mara moja: "Daktari, linaniuma gego la mwisho la chini kulia tangu Jumatatu. Mdomo unafunguka vidole viwili tu. Jana nilikuwa na homa. Nimemeza Panadol mbili saa 2 asubuhi. Sina mzio wa dawa." Kama una mzio wa penisilini, hilo litangulie. Ukieleza hivyo humpunguzii tu kazi, unajikinga na kuandikiwa dawa isiyokufaa.

Akiamua ling'olewe

Si kila gego la mwisho hung'olewa. Lililotoka wima, likapata nafasi na mswaki unalifikia, libaki. Linalovimba mara kwa mara, lililolala au lililoanza kuliozesha jirani yake ndilo linalotolewa, na ni rahisi zaidi ukiwa na miaka 20 na kitu kuliko ukishapita 35, kwa kuwa mfupa unakuwa mgumu na mizizi imekwisha kukomaa. Muulize daktari kama mzizi uko karibu na neva ya taya. Eksirei ndiyo inayoonyesha.

Ukishang'olewa, ng'ata shashi dakika 30 hadi 60 bila kuichungulia. Saa 24 za mwanzo usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara: bonge la damu lililoziba shimo likitoka, siku ya tatu utapata maumivu mabaya kuliko ya mwanzo, yanayopanda hadi sikioni, na itabidi urudi likaoshwe na kuwekwa dawa. Kuanzia siku ya pili rudia maji ya chumvi, pole pole, ukiinamisha kichwa na kuyaacha yaanguke yenyewe. Bomba usilitumie kwenye shimo mpaka daktari akuruhusu.